Mama anatimiza miaka 70: kaka amelipia nyumba moja ya sote, mume wangu amekataa kulala humo

Kwako Mshauri,

Nakuandikia kutoka Kisumu kwa sababu jambo tulilolianza kwa furaha limefika mahali ambapo ndugu wa tumbo moja hawapokeleani simu, na zimebaki wiki saba tu.

Mimi ni mtoto wa pili kati ya sita, wavulana watatu na wasichana watatu, na nyumbani kwetu ni Kaunti ya Vihiga. Baba alifariki tukiwa bado shuleni, na mama ndiye aliyetulea kwa mshahara wa mwalimu wa shule ya msingi pamoja na maziwa ya ng'ombe ambao anawafuga hadi leo. Katikati ya mwezi wa Agosti atatimiza miaka 70. Tulikubaliana sote kwamba safari hii asipikie watu nyumbani kama anavyofanya kila Krismasi, bali tumtoe, tumpeleke mahali pazuri, akae na watoto na wajukuu wake wikendi nzima bila kushika mwiko.

Kaka yetu mkubwa, ambaye yuko Nairobi, ndiye aliyeshika usukani. Alifungua kundi la WhatsApp ambalo mama hayumo, kwa kuwa anataka kumshtukiza, kisha akatutumia picha za nyumba ya kupanga iliyo kando ya Ziwa Naivasha. Ina vyumba sita vya kulala, sebule kubwa, bwawa la kuogelea na bustani inayoteremka hadi ziwani. Tungelala Ijumaa na Jumamosi. Hesabu yake ilikuwa hivi: nyumba shilingi 40,000 kwa usiku, yaani 80,000, chakula 48,000, gari la kutubeba sisi wa upande wa magharibi 36,000, keki, mapambo na mpigapicha 34,000, viingilio na matembezi 18,000. Jumla ni 216,000, na akigawanya kwa sita, kila mtoto anatoa 36,000. Siku iyo hiyo alituma malipo ya awali ya 20,000 kwa mwenye nyumba, akaweka kundini orodha ya majina yetu, na kila anayelipa anawekewa alama ya tiki.

Kitindamimba wetu ni mwalimu aliyeajiriwa na bodi ya shule huku akisubiri kuajiriwa na TSC, tume ya serikali inayoajiri walimu. Hakusema neno mpaka kaka alipoandika kwamba kuna watu wanaopenda kula vya bure. Usiku huo akatoka kundini, na tangu hapo simu yangu anaipokea lakini ya kaka haipokei.

La pili linanigusa mimi mwenyewe. Mume wangu ni mtu wa Nyakach. Alisema tangu mwanzo kwamba mchango wetu atautoa, na kwamba atakuwepo mchana kutwa, ila hatalala chini ya paa moja na mama mkwe wake. Kaka alicheka, akasema hizo ni mila za kijijini na nyumba ya kupanga haina mwenyewe. Wifi yangu, mke wa kaka, ameenda mbali zaidi na kusema kwamba mume wangu anatafuta kisingizio cha kukwepa mchango. Dada yangu aliyeolewa Mumias ameninong'oneza kwamba mumewe naye ana wasiwasi uo huo, ila hataki kuonekana mtu wa kizamani.

Kuna jambo moja zaidi. Binti yangu alipokuwa kwa nyanya yake likizo ya Aprili, mama alimwambia kwamba kwa miaka mingi aliwafundisha watoto wa darasa la nne kuhusu Ziwa Nakuru na ndege wake, ilhali yeye mwenyewe hajawahi kulitia machoni. Niliyaandika hayo kundini. Kaka alijibu kwamba Naivasha iko Kaunti ya Nakuru, kwa hiyo hakuna tofauti.

Je, nimshawishi mume wangu alegeze msimamo kwa siku mbili tu? Nitamwambiaje kaka bila kuonekana nataka kumpindua? Kitindamimba atarudije? Na zile 20,000 zilizokwisha kulipwa tutazifanyaje?

Wako,
Mtoto wa Pili, Kisumu

JIBU

Mpendwa Mtoto wa Pili,

Usimshawishi mume wako. Nalianza hilo kwa sababu ndilo litakaloamua nyumba mtakayopanga, na nyumba ndiyo itakayoamua karibu mambo mengine yote uliyoyataja. Katika jamii za Waluhya, kama kwenu Vihiga, na za Wajaluo vilevile, kama kwao Nyakach, mkwe wa kiume na mama mkwe wana mipaka inayojulikana: hawaketi kwa kubanana, hawataniani, na hawalali nyumba moja. Familia zinatofautiana katika kuishika desturi hiyo, na zipo zilizoilegeza kabisa, lakini anayeishika hawezi kuitwa mshamba wala bahili. Mume wako ameahidi mchango na ameahidi kuwepo. Kitu pekee anachokilinda ni heshima ya mama yenu, na ningekuwa mimi, ningefurahi kuwa na mkwe wa namna hiyo.

Hoja ya kaka yako kwamba nyumba ya kupanga haina mwenyewe si ya kupuuzwa, maana hata wazee wengine huikubali wanapolazimika kulala mjini kwa ajili ya matibabu au mazishi. Hata hivyo, weka mila kando kidogo umtazame mama mwenyewe saa kumi na moja alfajiri. Ameamka kama alivyozoea, amevaa gauni la kulalia na leso kichwani, anatafuta choo katika nyumba asiyoijua, na kwenye ule ukumbi mwembamba kati ya vyumba anakutana na mume wa bintiye akiwa na taulo begani. Hapo hakuna mzee wa kijiji wala baraza la kutoa hukumu, lakini mama atarudi chumbani na kujifungia hadi wanaume wote watoke nje, na siku yake ya kwanza itakuwa imekwisha kabla ya chai. Mtakuwa mmelipa fedha nyingi ili mama akae kama mgeni anayeogopa kumsumbua mwenyeji.

Tena hakuna kati yenu aliyemuuliza. Mama hatawaambia nyinyi watoto wake waziwazi kwamba anaona haya kulala nyumba moja na wakwe. Atasema tu kwamba popote mtakapompeleka ni sawa. Mtu wa kumuuliza ni shangazi yenu, dada ya marehemu baba, au kama hayupo, mwanamke wa rika la mama ambaye humwambia mambo yake. Mwombe aende amtembelee, amweleze kwamba watoto wanapanga kumtoa, kisha amuulize mambo matatu bila kuzunguka: angependa kwenda wapi, angeridhika kulala nyumba moja na wakwe au la, na kuna mtu gani wa rika lake angependa aandamane naye. Hilo la tatu nalisisitiza kwa sababu husahaulika katika sherehe nyingi za wazazi. Mama wa miaka 70 aliyezungukwa na watoto na wajukuu kwa siku mbili bila hata mmoja wa kuzungumza naye mambo ya ujana wao huishia kusinzia kitini huku watu wakimpiga picha. Dada yake au rafiki yake mmoja wa kanisani akiwepo, utamsikia akicheka mpaka usiku.

Bila shaka umeona kwamba kwa njia hiyo mpango wa kumshtukiza unakufa. Uacheni ufe. Mama yenu ana ng'ombe wanaokamuliwa asubuhi na jioni, na hawezi kuingizwa garini Ijumaa akaambiwa atarudi Jumapili bila kujua nani atawakamua, nani atapeleka maziwa na nani atafungia kuku. Kama anatumia dawa za presha au za sukari, atahitaji kuzifungasha za kutosha. Kama ana zamu kanisani Jumapili hiyo, atataka kuomba ruhusa mapema kuliko kutafutwa. Mkitaka kitu cha kumshtukiza, kiwe kidogo: keki yenyewe, au mwanafunzi wake wa zamani apige simu wakati wa chakula.

Sasa nyumba. Msitafute nyumba kubwa zaidi. Tafuteni boma lenye nyumba mbili au tatu ndani ya ua mmoja. Ziko nyingi Nakuru na Naivasha, nyumba kubwa moja na vijumba vya wageni pembeni, na katika matangazo mara nyingi vijumba hivyo huorodheshwa kivyake, kwa hiyo inabidi mpige simu na kumuuliza mwenyewe kama mnaweza kuvichukua vyote kwa pamoja. Mama, rafiki yake, dada yenu ambaye hajaolewa kama yupo, na wajukuu wa kike walale nyumba kubwa; wakwe na wake zao walale kwenye vijumba. Mchana wote mko uwanja mmoja, mnakula meza moja, na hakuna anayehisi ametengwa. Kama boma la namna hiyo halipatikani, wakwe wapangiwe vyumba katika nyumba ya wageni ya jirani, na gharama hiyo iingie katika bajeti ya wote, isiwe adhabu ya mume wako kwa kushika adabu.

Kabla ya kulipa, hesabuni vichwa. Hukuniambia mko wangapi, lakini watoto sita pamoja na wenzi wao na wajukuu hawatapungua 15, na huenda mkafika 20. Nyumba ya vyumba sita kwa kawaida huruhusu wageni 12, na wenye nyumba wengi huandika idadi hiyo katika masharti kisha humtuma mlinzi ahesabu watu langoni. Watoto wakilazwa magodoro sebuleni bila ruhusa, mtaombwa nyongeza usiku, au mtanyimwa ile pesa ya dhamana siku ya kuondoka. Semeni idadi kamili, pamoja na watoto wachanga, na mpate jibu la maandishi. Pia mtu wenu mmoja aende aione nyumba kwa macho yake. Picha za nyumba huibwa na matapeli wakazitumia kuomba malipo ya awali kwa nyumba wasiyoimiliki, na hata pasipo utapeli, picha inaweza kuwa ya zamani. Kwa Naivasha hilo lina uzito wa pekee, kwa kuwa maji ya ziwa yalipanda sana mwaka 2020 na miaka iliyofuata, yakaingia mitaa kama Kihoto na kumeza nyua za kando ya ziwa. Ile bustani inayoteremka hadi ziwani huenda leo ni sehemu ya ziwa. Na kama bado ipo, muulize mwenye nyumba kuhusu viboko, maana hutoka majini jioni kuja kula nyasi, na nyasi laini ya bustani ndiyo wanayoipenda. Wajukuu wakicheza kibemasa gizani mahali pasipo na ua wa kuwazuia wanyama hao, mtajikuta katika msiba.

Lakini kusema kweli sioni sababu ya kwenda Naivasha. Kaka yako amesema kweli kwamba ni kaunti moja, ila mama hakuitamani kaunti. Alilitamani ziwa alilolifundisha. Nakuru pia iko katikati yenu kuliko Naivasha: kutoka Kisumu ni takriban kilomita 180, kutoka Nairobi takriban 160, na mkienda Naivasha, mama aliyekwisha kusafiri kutoka Vihiga anaongezewa kilomita 70 hivi za kukaa garini, na siku ya kurudi vilevile. Magoti ya mtu wa miaka 70 yanazihisi hizo kilomita 70.

Mweleze mapema, hata hivyo, kwamba ziwa atakaloliona si lile la vitabu vya darasa la nne. Tangu mwanzoni mwa miaka ya 2010 maji ya Ziwa Nakuru yamepanda, yakafunika baadhi ya barabara za ndani ya mbuga na kupunguza ukali wa magadi. Flamingo hula mwani unaostawi katika maji ya magadi, na chakula kilipopungua wengi walihamia maziwa mengine, hasa Bogoria. Siku nyingine wapo wachache, siku nyingine wengi kidogo, na hakuna awezaye kuwaahidi. Asiyeambiwa hilo atasikitika; aliyeambiwa, tena mwalimu, atawageuzia wajukuu somo papo hapo kwa kulitazama ziwa lenyewe. Vifaru, twiga na nyati wapo, na kuna mahali pa kutazamia panapoitwa Baboon Cliff ambapo gari hufika juu kabisa, hivyo mama ataliona ziwa lote chini yake bila kupanda mlima kwa miguu. Malipo ya mbuga hufanywa kupitia eCitizen, mtandao wa huduma za serikali, si kwa pesa taslimu langoni, na kila mtu mzima abebe kitambulisho ili mlipe kiwango cha raia. Mwende asubuhi na mapema Jumamosi, mrudi kabla ya jua kali, mama apumzike, na sherehe iwe jioni. Msijaze siku yake.

Kuhusu fedha nitakuwa mkali kidogo. Kaka yako alianza na nyumba kisha akatafuta watu wa kulipa deni lake. Bajeti ya ndugu hujengwa kwa kuanza na mwenye uwezo mdogo kuliko wote. Mwalimu wa bodi ya shule hana 36,000 za kutoa kwa wikendi moja, na akibanwa atazikopa kwa simu, kisha atalipa riba hadi Krismasi kwa ajili ya mapambo yaliyotupwa Jumapili asubuhi. Na ile orodha ya majina na tiki ndiyo iliyomtoa kundini, zaidi hata ya maneno ya kaka. Mchango wa harambee husomwa hadharani kwa sababu watu hawadaiani. Mchango wa nyumbani ukisomwa hadharani unakuwa daftari la madeni, na mwenye nafasi tupu mbele ya jina lake anavuliwa nguo mbele ya shemeji zake.

Fanyeni hivi. Mteueni mweka hazina ambaye si wewe wala si kaka mkubwa, kwa kuwa nyinyi wawili mmekwisha kuwa na upande. Kila mtoto amwambie huyo peke yake kiasi anachoweza kutoa bila kukopa na bila kuchelewesha karo. Mweka hazina ajumlishe na kutangaza jumla tu, na jumla hiyo ndiyo iwe bajeti. Nyumba, gari na chakula vitafutwe ndani yake. Baada ya safari atoe hesabu ya matumizi, shilingi kwa shilingi, bila kutaja nani alitoa ngapi. Wapo watakaotoa zaidi ya 36,000, nawe unawajua. Kaka yako akitaka nyumba ya kifahari kuliko bajeti inavyoruhusu, ana haki ya kuongeza tofauti kutoka mfukoni mwake, mradi asiikumbushe kila chakula kinapoletwa. Na punguzeni pasipomuuma mama. Katika ile 34,000 ya keki, mapambo na mpigapicha, mkibakiza 6,000 za keki nzuri, jumla inashuka kutoka 216,000 hadi 188,000 siku hiyo hiyo, na picha za simu za wajukuu zitatosha. Msipunguze usiku mmoja, kwa sababu mama akisafiri Ijumaa na kugeuza Jumamosi atakuwa ametumia siku yake ya kuzaliwa barabarani. Wala msipunguze gari. Ni afadhali keki ndogo kuliko mama kubanwa kwenye kiti cha nyuma akiwa na mtoto mapajani.

Kitindamimba asirudishwe kwa huruma. Hatari ninayoiona ni kwamba mtamwambia asilipe kitu, kisha wikendi nzima awe ndiye anayetumwa dukani, anayewasha moto na anayeosha magari, kwa kuwa yeye hakuchanga. Atoe kiasi chake, hata kikiwa 3,000, na kazi zigawanywe kama za watu waliochanga sawa. Agosti shule zimefungwa, na kama yuko karibu na nyumbani kuliko nyinyi, anaweza kulishika jambo moja lenye heshima: safari ya mama. Ndiye atakayehakikisha kwamba jirani wa kukamua ng'ombe amepatikana na kuelekezwa, kwamba dawa zimefungashwa, na kwamba mama anaketi kiti cha mbele. Kaka mkubwa ampigie yeye mwenyewe na kumwomba radhi kwa yale maneno ya kula vya bure. Wewe usiombe radhi kwa niaba yake.

Nisiisahau jikoni, maana mlisema mama asishike mwiko na sijaona aliyepangiwa kuushika. Msipoamua, wewe na mawifi zako mtapika kuanzia Ijumaa jioni hadi Jumapili, na mama hatavumilia kuwatazama. Ataingia jikoni, na hapo lengo lenu limevunjika. Zile 48,000 za chakula zitoe ujira wa mpishi mmoja na msaidizi wake, watu wa Nakuru wanaojua kupika kwa ajili ya watu wengi. Muulize mwenye nyumba kama anaruhusu mpishi wa nje, kwani wengine hukataa. Na bebeni sufuria yenu kubwa ya ugali pamoja na mwiko wake. Nyumba za kupanga zina vikaango vya mayai na visufuria vya watu wanne, na hakuna asiyejua kinachotokea watu 20 wanapongoja ugali unaosongwa kwa mafungu matano. Kuku wa kienyeji wawili watatu kutoka kwa mama mwenyewe hapana, wanunueni. Akiwatoa kuku wake, atakuwa amewaandalia nyinyi sherehe.

Safirini mchana. Kutoka Kericho kupita Mau Summit hadi Salgaa kuna mteremko na malori mengi, na sehemu za Sachang'wan na Salgaa zimeua watu wengi mno kwa miaka. Dereva aondoke Vihiga asubuhi, mpumzike Kericho, mfike Nakuru jua likiwa bado juu. Nakuru imeinuka zaidi ya mita 1,800 kutoka usawa wa bahari, na Agosti usiku wake una baridi ambayo watoto wa Kisumu hawaijui, kwa hiyo sweta na soksi zifungashwe. Jiko la makaa lisiingizwe chumba cha kulala hata dakika moja, kwa sababu gesi yake haina harufu na huwaua watu usingizini. Chumba cha mama kiwe chini, pasipo ngazi, choo kikiwa karibu. Kama kuna bwawa la kuogelea, mtu mzima mmoja awekwe zamu kila saa watoto wanapokuwa nje, tena atajwe kwa jina, kwa kuwa bwawa linaloangaliwa na kila mtu haliangaliwi na mtu.

Limebaki suala la kaka yako. Usimwandikie kundini, mpigie jioni akiwa ametulia, na uanze na lililo kweli, kwamba bila yeye msingekuwa mmeanza. Mwambie hivi au kwa maneno yako: “Kaka, umetuamsha sote na nakushukuru. Kabla hatujalipa zaidi, naomba shangazi amuulize mama mambo mawili matatu, kisha wewe ututangazie uamuzi.” Acha mabadiliko yatangazwe na yeye. Kifunguamimba katika familia iliyompoteza baba hubeba mzigo ambao wadogo zake hawauoni kila mara, na ukali wake wa hesabu huenda unatokana na hofu ya kumwangusha mama kuliko kiburi. Habari ya mume wako usiipeleke kama ombi lako. Majibu ya mama kwa shangazi yatatosha, na wala mkwe wenu wa Mumias hatalazimika kufungua kinywa.

Ama zile 20,000, asome masharti aliyokubali alipolipa. Nyumba iliyopangwa kupitia programu ya simu huwa na tarehe ya mwisho ya kughairi iliyoandikwa waziwazi, na zikiwa zimebaki wiki saba inawezekana kabisa kwamba arejeshewe zote au sehemu yake. Kama alimtumia mwenye nyumba moja kwa moja kwa M-Pesa, aombe kwanza kuhamisha tarehe au kuwauzia wageni wengine nafasi hiyo, kwani Agosti watafutaji ni wengi na mwenye nyumba hatapata hasara. Zikipotea, zisigawanywe kwa sita wala asidaiwe yeye peke yake kwa hasira. Mweka hazina aziingize katika bajeti kama mchango aliokwisha kuutoa kaka, na zilizobaki zihesabiwe kuanzia hapo. Shangazi aende wiki hii. Jibu la mama likipatikana kabla ya Jumapili, mtakuwa bado na wiki sita za kutafuta boma, na anayeishi karibu na Nakuru kati yenu anaweza kwenda kuyaona mawili matatu Jumamosi moja tu.